Pua ya Fundi wa Moshi Mweupe

Siku ya kwanza niliyompelekea fundi yule pikapu yangu, moshi mweupe ulikuwa unanifuata nyuma kama shela la bibi harusi. Nilipita na shela langu kandokando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, madereva wakinipigia honi na kunipungia mikono, wengine wakicheka, nikaingia kwenye gereji yake nikiwa nimejaa aibu na hasira. Nikashuka nianze kujieleza. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Limelala wapi?" akauliza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Limelala wapi?"

"Mbebe, kwa dada yangu. Nilifuata viazi."

"Jua lilipopanda, moshi ulipungua?"

"Haukupungua. Uliongezeka."

Hapo ndipo akachomoa leso nyeupe mfukoni, akaikunjua, akaishika mbele ya ekzosi mpaka ikalowa, akaipeleka puani na kufumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Tamu. Gasketi ya hedi imeungua. Maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda na injini inayachemsha. Wewe huendeshi gari, mwanangu, unaendesha birika." Siku tatu baadaye pikapu ilitoka pale bila hata chembe ya moshi, na tangu hapo sikumpeleka mgonjwa wangu kwa mtu mwingine.

Ni miaka kumi na zaidi sasa. Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, sijui, na sikuwahi kuuliza. Najua alikotoka ni milima ya Ileje kwa sababu alipokasirika Kiswahili kilimkimbia na Kindali kikashika usukani. Mengine yote ninayoyajua niliyaokota palepale gerejini, nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu nikisubiri gari.

Alivaa koti jeupe. Watu wa Tunduma walikuwa wamelizoea, lakini mgeni akifika alishangaa: gereji nzima imepakwa oili mpaka kwenye kuta, halafu katikati yake anasimama mzee kwa koti jeupe kama mganga mkuu wa wilaya. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, alilifua kila jioni na kulinung'unikia kila jioni. Nilimuuliza Fundi siku moja kwa nini asivae ovaroli la bluu kama mafundi wenzake. Akaniambia koti lile ni kipimo. Alisimama kando ya ekzosi na kulinganisha rangi: moshi ukiwa mweupe kuliko koti, tatizo liko kwenye gari, koti likiwa chafu kuliko moshi, tatizo liko kwenye sabuni ya Mama. Mama alikuwa anamenya vitunguu karibu. Alimrushia kimoja, kikampata kisogoni.

Gari hakujua kuendesha. Hili nililigundua mwaka wa pili, na nilidhani ananitania. Mtu aliyefumua na kusuka upya injini zaidi ya watu wote ninaowajua hakuwahi kupita barabarani akiwa ameshika usukani. Gari likitakiwa kujaribiwa, alikaa kiti cha abiria, akafunga mkanda, akashikilia dashibodi kwa mikono miwili na kumwomba mwenye gari aende polepole. Nikimcheka ananiambia kwamba mkunga aliyemzalisha mama yangu huenda naye hakuwa amezaa, na mbona nimetoka mzima. Kwenye kona alifumba macho.

Lakini jina lake la Fundi wa Moshi Mweupe halikutoka kwenye koti wala usukani. Lilitoka kwenye pua. Moshi mweusi na wa bluu aliwaachia mafundi wengine. Ulikuwa unamchosha, alisema, kwa sababu unajieleza wenyewe. Moshi mweupe ndio uliokuwa wake. Unaweza kuwa mvuke wa baridi tu, hauna harufu wala hauna kosa. Unaweza kuwa maji ya rejeta yaliyopenya kwenye injini, na hayo yakiwa na kulanti, ile dawa ya kupoza injini, yananukia utamu. Au, kwa gari la dizeli, unaweza kuwa mafuta yasiyoungua vizuri, na hayo yanachoma. Mwenye macho anaona kitu kimoja, mwenye pua anaona vitatu. Alilisema hilo mara nyingi mpaka tukawa tunammalizia. Watu walitoka Vwawa na hata ng'ambo ya mpaka kuja kumwonyesha moshi, na wengi walikuja zaidi kumtazama akinusa. Alijua. Hakuanza kunusa mpaka wote wawe wamekaa.

Aliogopa kitu kimoja tu duniani, mafua. Mtu akipiga chafya alifukuzwa gerejini hata kama injini yake iko mezani. Nilidhani ni vituko vya uzee. Baadaye nilijilaumu kwa kumcheka.

Adui zake walikuwa wawili. Wa kwanza ni maji ya kisima. Alitaka kila mtu aweke kulanti kwenye rejeta, na alihubiri jambo hilo kwa ukali kuliko mchungaji wetu anavyohubiri pombe. Injini hupata kutu, ndiyo, lakini sababu yake hasa ilikuwa nyingine. "Mtu akiweka maji matupu, moshi hauna harufu," alisema. "Ananiziba pua makusudi!" Ila hakuwahi kuilamba leso. Kulanti ni sumu, alisema, na ni sumu ya kinafiki kwa sababu ni tamu.

Adui wa pili ni watu wanaojitibu. Hapa kwetu rejeta ikivuja, kila mtu ana dawa: mwingine anavunja yai humo, mwingine anatia pilipili manga. Alikuja mfanyabiashara mmoja ambaye kwa ushauri wa shemeji yake alitia unga wa dona, vikombe viwili, akaendesha gari kutoka Vwawa. Fundi alifungua kifuniko cha rejeta, akachungulia, akaita kwa sauti, "Mama! Lete vikombe, uji umeiva." Akamgeukia yule bwana kwa upole mkubwa. "Ila umesahau sukari, ndugu yangu."

Na kuna habari ya bwana wa Msangano, ambayo Fundi aliisimulia kwa kila mteja mpya, nami naisimulia kwa sababu nilikuwepo. Msangano kule chini ni joto mwaka mzima. Bwana huyo alikuwa amenunua gari lake la kwanza, akapanda nalo milimani mpaka Itumba kumposea mdogo wake, wakalala huko, na ilikuwa Julai. Asubuhi akawasha gari mbele ya wakwe. Likatoa moshi mweupe wa kujaza ua mzima. Yeye hajawahi kuona kitu kama hicho. Akapiga kelele kwamba gari linaungua, akazima, akawamwagia maji wakwe waliokuwa wamesimama nyuma, na hakukubali kuliwasha tena. Akakodi ng'ombe wawili wakalikokota mpaka barabarani, na kutoka hapo akalifungia nyuma ya lori la mbao likamburuta mpaka Tunduma. Alifika kwetu mchana, jua linawaka, ametota jasho. Fundi akaliwasha gari. Halikutoa moshi wowote.

"Limelala wapi?" akauliza.

"Itumba."

"Wewe mwenyewe asubuhi ulipomsalimia mkweo, mdomoni hukutoa moshi?"

Yule bwana akafikiri. "Nilitoa."

"Mbona hukujifunga ng'ombe?"

Alikuwa na ulimi huo, kisha jioni ileile alikuwa mzee wa kanisa, mpole, anakusanya vitabu vya nyimbo. Nilimwona akimwombea dua mteja aliyefiwa mpaka wote wawili wakalia. Nilimwona pia akimwambia mchungaji, aliyekuwa ameliombea gari lake badala ya kulileta gerejini, "Maombi yako yamefika, Mchungaji. Jibu ni kwamba ukaze kifuniko cha rejeta." Alikuwa anatuhimiza tuwe na subira, lakini chai ikichelewa dakika tano alizunguka gereji nzima akipiga vyuma kwa spana. Alipenda kusema kwamba fundi asiyesema ukweli ni mwizi mwenye zana. Na bado, kama nitakavyoeleza, miezi miwili mizima alitudanganya sote.

Mwaka huu, mwishoni mwa baridi, pikapu yangu ilianza tena kutoa moshi. Safari hii lilikuwa jambo zito kwangu. Ninaishi kwa pikapu ile. Inanunua viazi na maharage Mbebe, inauza Tunduma, na inasomesha watoto. Mafundi wawili Vwawa walikuwa wameshaitazama, wote wakasema hedi, kichwa cha injini, imepasuka, nitafute injini nyingine. Injini nyingine sina. Mume wangu, ambaye hajawahi kuipenda pikapu hiyo kwa sababu ananisikia nikizungumza nayo, alikuwa ameshapata mnunuzi wa vyuma chakavu, na mnunuzi alikuwa anakuja Ijumaa. Tulikubaliana hivi: Fundi akisema ni hedi, gari linauzwa. Akisema si hedi, linabaki. Nilifika gerejini Jumatano.

Walikuwepo watu watatu barazani. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja kubadilishiwa breki, mama wa chapati aliyekuwa na beseni lake, na dereva wa lori wa Kizambia aliyekuwa anasubiri foleni isogee. Fundi hakuwa pale. Nilimkuta nyuma, amekaa kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa la Mama, anasafisha plagi kwa brashi. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ya maharage, na maharage yalikuwa yanaungua. Yalinuka mpaka yakanichoma koo. Moshi ulikuwa unapita mgongoni kwake, naye hana habari.

"Fundi, maharage!"

Akageuka, akayaona, akaruka kuyaepua. Kisha akanitazama, nami nikamtazama, na nadhani nilielewa kabla hajasema neno. Kigoda kilikuwa hatua moja kutoka kwenye lile jiko.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akachungulia barazani kwanza. "Tangu yale mafua ya mwezi wa tano. Nilipona kila kitu, pua haikurudi. Naweka leso puani, ni kama nanusa ukuta."

"Na wateja?"

"Nawaambia waende kunywa chai moshi utulie. Wakiondoka natazama rejeta, natazama oili, nabahatisha." Akashusha sauti. "Gari la mwalimu huyo aliye barazani. Mwezi uliopita niliona mapovu kwenye rejeta nikasema gasketi. Nikafungua hedi. Gasketi ilikuwa nzima. Kumbe alikuwa amejaza maji asubuhi ile, ilikuwa hewa tu. Nilifungua hedi ya mtu bure, mwanangu, nikaifunga, nikamwambia imepona. Sikuchukua kitu kwake. Lakini nilimwambia imepona."

Nilimuonea huruma sana, na nilikasirika pia, kwa sababu mimi ndiye niliyefuata. Nikamweleza habari ya Ijumaa. Akasimama, akavaa koti vizuri, akaenda kwenye pikapu. Alitazama rejeta. Ilikuwa na mapovu.

"Ulijaza maji leo?"

"Vwawa, asubuhi."

Akafunga kifuniko. Kwa macho alikuwa amefika mwisho wa anachoweza kujua, na alikuwa ameshakosea hapohapo mara moja.

"Nitanusa mimi," nikasema. "Wewe niulize."

Akanipa leso. Nikawasha, nikazunguka nyuma. "Si tamu!" nikasema.

"Umejibu kabla hujainama."

Nikainama. Nikanusa. Nilitaka isiwe tamu kwa moyo wangu wote, na kweli haikuwa tamu, kisha nikawa sina hakika, kisha ikawa tamu kidogo, kisha nikaanza kusikia harufu ya viazi. Fundi akanichukulia leso mkononi.

"Wewe huwezi," akasema. "Gari ni lako. Pua yako inataka kubaki nalo."

"Machozi je? Dizeli si inachoma macho?"

"Macho yangu yanatoka machozi siku hizi hata nikitazama chapati." Akasimama akiitazama ekzosi. Alikuwa na njia rahisi, na najua aliifikiria: kusema si hedi, nirudi nyumbani nafurahi. Au kusema ni hedi, naye asilaumiwe kamwe, maana mafundi wengine wawili wamesema vilevile. Badala yake alikwenda barazani akasimama mbele ya wale watu watatu.

"Naomba mnisikilize," akasema. "Pua yangu imekufa. Miezi miwili sasa. Nimekuwa nikiwadanganya. Mwalimu, hedi yako haikuwa na kosa lolote, niliifungua bure. Nisamehe. Sasa huyu mwanangu gari lake litauzwa chakavu keshokutwa kama tukikosea, na mimi siwezi kunusa. Naomba pua zenu."

Mama wa chapati alikuwa ameshika chapati hewani. Nilimtazama mwalimu, nikasubiri tusi. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndiyo maana ulikataa hata chai yangu," akasema. Halafu akainuka. "Haya. Ila tufanye kwa utaratibu. Mmoja mmoja, na hakuna kuambizana majibu. Mkizungumza naanza upya."

Basi watu wazima wakapanga foleni nyuma ya pikapu yangu. Mwalimu aliinama wa kwanza, mikono nyuma, akanusa kwa heshima. Mama wa chapati akaweka beseni chini, akafunga kanga vizuri na kuinama mpaka nikaogopa atawaka moto. Dereva wa Kizambia akamwamkia Fundi kwa lugha ya kwao, kama mjukuu anavyomwamkia babu, "Mulishani, bashikulu," akapiga goti kabisa. Mchungaji alikuwa anapita na baiskeli, akaona watu wameinamia ekzosi, akauliza nani amefariki. Akaambiwa, naye akaingia kwenye foleni. Malori yalikuwa yamesimama pale barabarani, madereva wakichungulia madirishani.

Fundi aliwaita mmoja mmoja pembeni. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu.

"Kuna utamu?"

"Hakuna," alisema mwalimu. "Kuna ukali."

"Kama jiko la mafuta ya taa lililogoma kuwaka," alisema mama wa chapati, akijifuta kwa kanga. "Mungu wangu, macho!"

"Awe, hapana, bashikulu," alisema dereva. "Hakuna sweet hapa. Hii dizeli haijaiva."

Mchungaji alisema amesikia harufu ya ufisadi. Mwalimu akamrudisha nyuma ya foleni, naye aliporudia kunusa akasema dizeli.

Fundi akawatazama wote wanne, jinsi wanavyolia mashavu yamelowa, akaanza kutabasamu polepole. "Hedi iko salama," akasema. "Ni nozeli, zile ncha zinazonyunyizia dizeli. Moja inatema badala ya kunyunyiza." Akapanda juu ya bampa kwa haraka nisiyoitegemea kwa umri wake, akaanza kufungua. Ya tatu ilikuwa imechakaa kabisa. Alipoweka nyingine na kuniambia niwashe, nilizungusha ufunguo nikiwa nimefumba macho. Injini ikakohoa, ikatoa wingu moja la mwisho, ikatulia. Nyuma palikuwa wazi, naona barabara mpaka ng'ambo. Nilishuka nikamkumbatia na koti lake na grisi yake yote, nikalia, na hakuna aliyejua kama ni furaha au dizeli. Madereva walipiga honi.

Watu wakatawanyika. Mwalimu alirudi kukaa na kusubiri breki zake, na Fundi alimpelekea chai mwenyewe, vikombe viwili, wakanywa pamoja. Kisha akaja kukaa karibu nami juu ya tairi. Jua lilikuwa linashuka na upepo wa jioni umeanza. Alikuwa ameinua uso kidogo, pua mbele, kama alivyozoea.

"Mwanangu," akasema, "hapa sasa hivi kunanuka nini?"

Nikamwambia. Nikaanza na breki za malori pale kilimani, zimeungua. Mahindi ya kuchoma upande wa pili wa barabara. Vumbi, na nyasi zinazochomwa mbali, labda Mbozi. Sabuni ya Mama kwenye kamba. Mbao mbichi kwenye lori lile la mbele.

"Na wewe mwenyewe unanuka dizeli," nikasema.

"Hiyo naijua, Mama huniambia kila siku." Akafumba macho. "Endelea."